Pampu ya tangi la samaki: maswali kutoka Kigoma

Tangi langu la kioo lina urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 40. Ninunue pampu ya nguvu gani? (Msomaji, Gungu)

Zidisha vipimo hivyo, gawa kwa 1,000, unapata lita 160. Ukitoa nafasi ya mchanga na mawe, maji yanabaki kama lita 130. Pampu inayoyazungusha yote mara 4 hadi 6 kwa saa inatosha, yaani lita 520 hadi 780. Ila namba ya kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa haina mzigo. Ikipandisha maji kwa mpira, au sponji ikijaa uchafu, kiasi kinashuka. Mimi ningechukua ya lita 1,000 inayoweza kupunguzwa nguvu.

Jirani anasema samaki wa Tanganyika wanataka mkondo mkali. Ni kweli? (Mama wa watatu, Ujiji)

Mama, inategemea samaki wako ametoka upande gani wa ziwa. Tropheus hukaa miambani kwenye maji mafupi, mawimbi yakipiga kutwa. Huyo mpe mkondo na hewa tele. Lakini wale wadogo wanaolala ndani ya makombe ya konokono, kama Neolamprologus multifasciatus, wako chini mchangani. Ukiwaelekezea pampu, mchanga unatimka na wao wanachoka bure. Geuza mdomo wa pampu utazame juu, uso wa maji ucheze, chini patulie. Hewa huingilia hapo juu. Hata mapovu faida yake kubwa ni kuyapandisha maji ya chini. Nikikuta tangi lenye uso uliolala tuli, na joto letu hili, nawahurumia sana samaki wale, maana maji ya moto hushika hewa kidogo.

Naweza kufuga kuhe sebuleni? (Kijana, Kibirizi)

Hapana. Hupita sentimita 60. Mwache ziwani.

Umeme ulikatika usiku, asubuhi nikakuta maji sakafuni. Pampu yangu ni ya hewa. (Msomaji, Mwanga)

Bila shaka uliiweka chini ya usawa wa maji. Ikizima, maji hurudi kwa mpira wa hewa na kumwagika, na pampu inaweza kuungua. Ipandishe juu ya tangi, au funga vali ya kuzuia maji kurudi. Nunua pia pampu ndogo ya betri, na usiwalishe samaki mpaka umeme urudi. Giza likidumu saa nyingi, bakteria wanaosafisha maji hufia ndani ya chujio kwa kukosa hewa, kwa hiyo isuuze sponji kabla ya kuwasha. Tumia maji uliyochota tangini. Klorini ya bombani itawamaliza waliobaki.