Ng'ombe wako akigeuka ng’ombe, usihifadhi kwanza

Nilipewa faili la hadithi nilipitie makosa. Kulifungua tu, nikakutana na ng’ombe, ng’ambo, king’ora. Nikafanya analofanya kila mwenye haraka: nikatafuta ’, nikaweka ritifaa (alama ya ') kila mahali, nikahifadhi. Ng'ombe wakarudi zizini. Kumbe alama za kunukuu na vistari navyo vilikuwa vimeharibika, kila kimoja kwa namna yake, na siku nzima ikaishia kwenye kutafuta na kubadilisha.

Faili lile halikuwa bovu hata kidogo. Lilikuwa linasomwa vibaya. Kompyuta haiweki herufi, inaweka namba, na ritifaa iliyopinda katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa namba unaotumika sana leo, ni baiti tatu, yaani namba tatu ndogo: E2 80 99. Programu ikidhani faili ni la Windows-1252, mfumo wa zamani wa Windows, kila baiti inasomwa kivyake: E2 ni â, 80 ni €, 99 ni ™. Herufi a hadi z haziguswi kwa sababu mifumo yote miwili inazisoma sawa, ndiyo maana Kiswahili huonekana kizima mpaka ufike kwenye ng'. Ritifaa iliyonyooka nayo haina tatizo. Mchokozi ni ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia hutuwekea bila kuombwa.

Kwa hiyo ukiona vituko hivi, usiandike chochote wala usihifadhi. Hatua zinategemea programu unayohariria maandishi. Kwenye VS Code, bofya jina la usimbaji (mfumo wa herufi unaotumika, kama UTF-8) kwenye mstari wa chini upande wa kulia, chagua "Reopen with Encoding", kisha UTF-8. Kwenye Vim andika :e ++enc=utf-8. Kwenye Notepad++ fungua menyu ya Encoding uchague UTF-8, ila uziepuke zile zinazoanza na "Convert to". Hizo haziishii kubadili usomaji, zinaandika baiti upya. Niliwahi kuchanganya mambo hayo mawili nikahifadhi kosa juu ya kosa, ritifaa moja ikawa ’. Nilicheka, lakini baadaye sana.

Kama kosa limeshahifadhiwa, tengeneza nakala, kisha rudi kinyumenyume: hifadhi maandishi hayo mabovu kwa Windows-1252, halafu yafungue upya kwa UTF-8. Yakiwa yameharibiwa mara mbili, rudia mara mbili. Alama ya kufunga nukuu ndiyo inayoweza kukusumbua, maana baiti yake ya mwisho, 9D, haina herufi katika Windows-1252 na programu nyingine huitupa.

Alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi, �, ni habari nyingine. Mara nyingi ni faili la Windows-1252 linalosomwa kama UTF-8. Lifungue upya kwa Windows-1252 nayo itaondoka. Ila ukiwa umeshahifadhi na almasi zile ndani, herufi ya awali haimo tena kwenye faili. Hapo mwombe aliyekutumia akutumie tena.