Je, Mfungwa Anaruhusiwa Kutafuta Mchumba kwa Barua?

SWALI: Mimi ni mfungwa katika Gereza la Kamiti na nimebakiza miaka sita. Mke wangu alidai talaka nikampa. Sasa naandikiana na mjane wa Eastleigh, na barua zake ndizo zinazonipa subira. Ustadhi mmoja ameniambia ni haramu, kwani barua ni faragha, na asiyeweza kumlisha mke hana haki ya kumtafuta. Je, niache?

JIBU: Ndugu yangu, swali lako limenihuzunisha, kwa sababu kauli uliyoambiwa inawazidishia wafungwa adhabu ambayo hakimu hakuitamka. Kumwandikia mwanamke asiye katika eda, yaani muda wa kungoja baada ya kufiwa au kuachwa, kwa nia ya ndoa, kwa maneno ya heshima na walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa, akijua, si haramu.

Faragha iliyokatazwa ni ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu, yaani wasio jamaa walioharimishiwa kuoana, kukaa pamoja mahali wasipoonekana na mtu, ilhali barua za gerezani hupita mikononi mwa askari na huweza kusomwa. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 235, ameruhusu hata mjane aliyemo edani adokezewe nia ya kuposwa. Alichokataza ni kuahidiana kwa siri, na akabakiza kauli njema. Vipi basi afungiwe mlango yule ambaye eda yake imekwisha?

Ama hoja ya kumlisha mke, msingi wake ni Hadithi inayomwagiza kijana mwenye uwezo aoe na asiye nao afunge. Hayo ni maelekezo ya kumsitiri mtu, na wanachuoni wetu wa madhehebu ya Kishafii waliposema kwamba ni bora asiye na uwezo aache, hawakusema kwamba ameharimishiwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwozesha mtu aliyekosa hata pete ya chuma, mahari yake yakawa Qur'ani aliyoihifadhi. Mwanamke mzima anayeijua hali yako na akairidhia hajadhulumiwa. Anayedhulumiwa ni yule anayefichwa.

Hapo ndipo ninapokuhofia. Je, mjane huyu anajua kosa lililokufunga na miaka iliyosalia? Kama hajui, mweleze katika barua yako ijayo, kabla ya neno lolote la mapenzi, kisha umwache aamue bila kumsihi. Usimwombe pesa, hata za sabuni, maana huenda ana mayatima wanaoitegemea shilingi hiyo hiyo, na usiwe na mwingine unayemwandikia maneno yale yale. Mwandikie pia walii wake. Akikataa kukujibu, mwombe imamu anayeingia gerezani akamwone ana kwa ana.

Fahamu pia kwamba katika madhehebu yetu barua hazifungi ndoa, hata zikiwa mia. Mkikubaliana, mweke wakili akukubalie nikahi mbele ya walii na mashahidi wawili, kama Mtume alivyoozwa Ummu Habiba kwa uwakilishi, yeye akiwa Madina na bibi huyo akiwa Habasha, yaani Uhabeshi.

Umesema barua zake ndizo zinazokupa subira. Mzigo huo ni mzito mno kwa mjane mmoja, kwani wiki atakayougua au kubadili nia utabaki bila tegemeo. Nabii Yusuf aliwalingania wenzake wa gerezani na akawafasiria ndoto zao. Nawe keti na wenzako, msomeshane Qur'ani, na umwandikie mama yako ikiwa yu hai, kwa kuwa barua hiyo haihitaji ruhusa ya walii yeyote.