Akriliki inakauka haraka, na bogenvilia inafifia: yaliyonisaidia Mikindani

Mkuu, umesema unachora maua ya vyungu, rangi inakauka kabla hujaichanganya, na bogenvilia yako imetoka kama imechemshwa. Yote mawili yamenikuta barazani kwa mama mdogo, Mikindani, upepo wa bahari ukinipuliza kutwa.

Akriliki, hii rangi yetu ya kuchorea inayochanganywa na maji, hukauka maji yakishatoka, na ikikauka hairudi tena. Chukua sinia, tandika kitambaa cha pamba kilicholowa, juu yake karatasi ya kuokea keki, rangi uikamulie hapo. Yangu inabaki laini asubuhi nzima.

Hiyo bogenvilia sasa. Ukichanganya nyekundu na nyeupe huipati hata ukeshe, pinki yake inaelekea uchungwa. Tafuta majenta, ile pinki iliyokolea inayoelekea zambarau. Halafu chuma kikonyo kimoja ukiangalie kwa karibu: kile tunachokiita ua ni majani matatu membamba kama karatasi, mishipa inaonekana, na maua yenyewe ni vijineli vyeupe vidogo katikati. Jua likiwa nyuma yake linapenya. Kwa hiyo mimi napaka nyeupe kwanza, naiacha ikauke kabisa, kisha napitisha majenta nyepesi juu yake, na ule weupe wa chini unang'aa. Hapo ndipo nilipoacha kuulalamikia ukaukaji wa haraka, maana dakika kumi tu naweka tabaka la pili bila kuchafua la kwanza. Kwa rangi ya mafuta ningesubiri siku kadhaa.

Vyungu usivirembe. Mama mdogo ana chungu kimoja tu cha udongo; mengine ni makopo ya maziwa na ndoo iliyopasuka. Mara ya kwanza niliyageuza yote kuwa vyungu vizuri, picha ikawa ya mahali popote. Niliporudisha kopo na kutu yake, hudhurungi yenye bluu kidogo, baraza ikaonekana ni ile ile.

Kivuli kichore mapema, saa mbili asubuhi, kwa mkupuo mmoja, na usikifuate kinapohama. Mwezi wa kumi huku jua linasimama utosini, ukifika adhuhuri kimeshaingia chini ya kopo. Usitie nyeusi, kwenye ukuta wa chokaa kivuli kina bluu na zambarau ndani yake.

Na kila rangi ichanganye iwe angavu kidogo kuliko unavyoitaka, kwa sababu akriliki ikikauka inakolea.