Bichi ya milimani: anza na ukingo wa jani

Ukipanda njia za upande wa mashariki wa hifadhi ya taifa ya Arthur's Pass, katika Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, msitu karibu wote ni bichi ya milimani (kwa Kiingereza mountain beech), mti ambao Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, huuita tawhai rauriki. Huko juu huna cha kubahatisha. Utata huanza ukishuka mabondeni, ambako ndugu zake, bichi za aina nyingine, nao wameota.

Kimo mimi hukipuuza. Mti huu ukikingwa na upepo unaweza kufika mita 15, na mpakani ambako msitu huishia, huohuo hubaki kichaka kilichopindapinda. Tazama jani. Okota kijitawi kilichoangushwa na upepo badala ya kuchuma, kwa sababu mimea ya hifadhi ya taifa inalindwa na sheria. Majani ya miche nayo yaache, hupotosha.

Jani lenyewe ni dogo, urefu wake sentimita moja na kidogo, na mti hauwi mtupu hata majira ya baridi. Pitisha ukucha ukingoni. Ukikuta meno, hiyo ni bichi nyekundu, bichi ngumu au bichi ya fedha, iache. Ukingo ukiwa laini umebakiwa na mbili tu, ya milimani na nyeusi, na hapa ndipo wengi hukwama. Jani la bichi nyeusi ni bapa na ncha yake ni butu. La milimani limechongoka, na kingo zake zimejikunja kuelekea chini. Kagua majani mengi, maana miti hii miwili huzaliana, na machotara wake huwa na majani ya kati na kati. Wa namna hiyo mimi huuandika "chotara" nikaendelea na safari.

Shina jeusi lisikuhadae ukasema umepata bichi nyeusi. Weusi ule mwingi ni ukungu. Kuna wadudu gamba wanaojificha kwenye gome, wakifyonza utomvu na kutoa tone la maji matamu kwenye uzi mwembamba kama unywele. Maji hayo yakimwagikia shina, ukungu huota juu yake. Bichi ya milimani nayo hupatwa na hali hiyo. Tone ukiliona, lionje, ni tamu kweli, ila Februari na Machi angalia kwanza unapoweka mkono: nyigu walioingia kutoka Ulaya hulifuata kwa makundi, na wanauma vibaya.