Wazazi wazima, mtoto ana selimundu: imekuwaje?

SWALI: Mtoto wetu wa kwanza ana miezi tisa. Mwezi uliopita alivimba viganja na nyayo, akawa analia usiku kucha, na baada ya vipimo tukaambiwa ana selimundu, himoglobini yake ni SS. Mimi na mume wangu hatujawahi kuugua ugonjwa huo. Mawifi zangu wanasema nimeutoa kwetu, na jirani anadai ni vijidudu vya damu. Ukweli ni upi, na je, mtoto atakayefuata naye ataugua?
Msomaji, Muheza

JIBU: Pole sana, mama. Nianze na jirani: selimundu hausababishwi na kijidudu wala hauambukizwi. Malaria huletwa na kimelea kinachotoka nje na kuzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu, ilhali katika selimundu hakuna kilichoingia, bali kinasaba kinachoelekeza namna ya kutengeneza himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, kina hitilafu tangu mimba ilipotungwa.

Hitilafu yenyewe ni ndogo ajabu. Mnyororo wa beta wa himoglobini una asidi amino 146, yaani vipande vinavyojenga protini, na kwa mwanao ni ya sita tu iliyobadilika: mahali pa asidi glutamiki pana valini. Hata hivyo, oksijeni inapopungua, himoglobini hiyo hushikamana na kuwa nyuzi ngumu zinazoikunja chembe ikafanana na mundu. Chembe ya kawaida huishi takriban siku 120, lakini hizi mara nyingi hufa ndani ya siku 10 hadi 20, na ndiyo sababu ya upungufu wa damu na macho ya njano. Zinapokwama katika mishipa midogo ya viganja na nyayo, hutokea uvimbe na maumivu uliyoyaona. Miezi ya mwanzo alikuwa salama kwa kuwa bado alikuwa na himoglobini ya kichanga, ambayo haina mnyororo huo wa beta.

Sasa mawifi. Mtoto hupokea nakala moja ya kinasaba kwa mama na nyingine kwa baba, kwa hiyo mtoto wa SS amepata S, yaani nakala yenye hitilafu, kutoka pande zote mbili, na haielekei kuwa ukoo wa kaka yao hauna. Ninyi wawili yaelekea ni AS, yaani wabebaji wenye nakala moja nzima (A) na moja ya S, ambao kwa kawaida hawaugui. Mkapime wote wawili ili mthibitishe. Ikiwa ndivyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa SS, 50 wa AS na 25 wa AA, na hesabu hiyo huanza upya kila mara: kumpata mmoja mgonjwa hakuwahakikishii kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima, kama wengi wanavyodhani.

S imeenea katika maeneo yenye malaria nyingi kwa sababu, kama mtafiti Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954, wabebaji wa AS hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Mtoto wa SS hana bahati hiyo. Kwake malaria ni hatari kubwa. Alale ndani ya chandarua chenye dawa, akamilishe chanjo, na mwulize daktari kuhusu penisilini ya kila siku na haidroksiurea, dawa inayopunguza kujikunja kwa chembe. Akipata homa, hata iwe usiku wa manane, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.