Mwite kwa cheo chake: ushauri kwa wanaoandika historia za watawala wetu

Kwa miaka mingi nimekuwa nikihariri miswada ya historia za mahali, yaani historia za koo, za vijiji na za wilaya, ambazo aghalabu huandikwa na walimu wastaafu na vijana wenye ari. Jambo ninalolisahihisha mara nyingi kuliko jingine lolote ni cheo cha mtawala. Mwandishi hukusanya masimulizi mazuri kutoka kwa wazee, lakini akishika kalamu huwageuza wote kuwa wafalme, kana kwamba nchi yetu nzima ilitawaliwa kwa mtindo mmoja. Ninachoshauri ni kwamba mtawala aitwe kwa cheo alichoitwa na watu wake, cheo hicho kielezwe kwa sentensi moja au mbili kinapotajwa mara ya kwanza, kisha kitumike hivyo hivyo hadi mwisho wa kitabu.

Mswada mmoja niliowahi kuuhariri ulikuwa na Mfalme Mkwawa, Mfalme Meli na Mfalme Lenana katika sura moja. Kwa Mkwawa sikuwa na ugomvi mkubwa, kwa sababu mtwa huyo, yaani mtawala, wa Wahehe alirithi dola ambayo baba yake, Munyigumba, alikuwa ameiunganisha kutokana na tawala ndogo ndogo, na neno mfalme halimpotoshi sana msomaji. Meli ni habari nyingine. Yeye alikuwa mangi, yaani mtawala wa Wachaga, wa Moshi ya Kale, mmoja kati ya mamangi wengi waliogawana miteremko ya Kilimanjaro, na Wajerumani walimnyonga mwaka 1900. Ukimwita Mfalme wa Wachaga unawafuta mamangi wa Kibosho, wa Marangu na wengineo, na msomaji hatapata njia ya kuelewa ni vipi Mangi Marealle wa Marangu alikuwa rafiki wa Wajerumani hao hao. Cheo cha Mangi Mkuu wa Wachaga wote kilikuja baadaye sana, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipochaguliwa Thomas Marealle.

Lenana ndiye aliyenifanya nimrudishie mwandishi sura nzima. Yeye alikuwa oloiboni wa Wamasai, na oloiboni ni mtu wa uaguzi na tambiko. Heshima yake ilikuwa kubwa mno, lakini mambo ya malisho, vita na makazi yaliamuliwa na wazee na viongozi wa marika. Waingereza ndio waliomfanya chifu mkuu wa Wamasai, kisha mwaka 1904 yeye pamoja na viongozi wengine wakatia alama kwenye mkataba uliowaondoa Wamasai katika sehemu kubwa ya malisho yao ya Bonde la Ufa. Mwandishi anayemwita mfalme anakiri, bila kukusudia, kwamba alikuwa na mamlaka ya kuitoa ardhi ile. Hilo ni dai la wakoloni, na halifai kupenyezwa kitabuni kwa mlango wa cheo.

Tahadhari hiyo hiyo ichukuliwe mnaposoma nyaraka za zamani. Wajerumani waliwaandika watawala wengi wa bara kuwa masultani, Waingereza wakaja wakawaita machifu, na mara nyingi mtu aliyekusudiwa ni yule yule mtemi, kama watawala wa Unyamwezi walivyoitwa, au mangi. Akida na jumbe, kwa upande mwingine, ni vyeo vya pwani ambavyo Wajerumani walivitandaza bara kama ngazi za utawala wao. Akida angeweza kuwa mgeni kabisa kwa watu aliowatoza kodi, na chuki dhidi ya maakida ni sehemu ya chanzo cha Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Ukimwita akida chifu, chuki hiyo haieleweki. Aidha, mkumbuke kwamba msomaji wa Kenya anamjua chifu kama mtumishi wa serikali anayelipwa mshahara na kufukuzana na wapika chang'aa, ilhali Tanzania Bara iliondoa utawala wa machifu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Unguja nako kuna mtego wake. Anayeandika kuhusu miaka ya 1860 na kutaja mfalme wa Zanzibar hana budi kusema ni yupi, kwa kuwa Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa wenyeji wa Unguja, alikuwa bado yupo Dunga na wenyeji wakimtambua, huku ukoo wa Busaidi ukitawala kutoka mjini kwa cheo cha Seyyid. Mwinyi Mkuu wa mwisho alifariki mwaka 1873.

Neno malkia nalitumia kwa uchache. Katika Buganda mama wa Kabaka, mtawala wa huko, ni Namasole na mkewe ni Nnabagereka, na neno malkia haliwatofautishi. Na huko Heru, katika Buha, Theresa Ntare alikuwa mwami, cheo kile kile cha watawala wanaume, wala hapana haja ya kumtafutia kingine.

Kuhusu utafiti wenyewe, msiwaulize wazee, "Mfalme wenu aliitwa nani?", kwa sababu watawajibu kwa neno mlilowapa. Ulizeni mlolongo wa mambo: watu wakigombania mpaka wa shamba walikwenda kwa nani, nani aliweza kulipinga shauri lake, na akifa ni akina nani walioketi kumchagua mrithi. Nilimshauri hivyo kijana mmoja aliyekuwa akiandika habari za utemi wa Unyamwezi, ambaye rasimu yake ya kwanza ilikuwa na mfalme na "manyapara wake", akidhani hao walikuwa wasimamizi wa vibarua, kama neno nyapara linavyotumika siku hizi. Aliporudi na maswali hayo, wazee walimweleza kuwa wanyampara walikuwa washauri wa mtemi, wenye sauti katika kumsimika mtemi mpya na katika kumkanya aliyepo. Aya yake moja iliyosema kwamba mfalme alikuwa na amri juu ya kila kitu ikafutwa, na mahali pake pakaingia sura ya kurasa nyingi kuhusu baraza, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu bora ya kitabu chake.