Panga nilikuwa nayo, lakini filimbi njo iliniokoa

Wandugu, watu wananiulizaga waweke nini mu nyumba ya kujitetea, panga, mkuki, wengine hata bunduki ya kununua kwa siri (hiyo acha, bila ruhusa ya serikali utafungwa weye mbele ya mwizi). Miye nachenjaga dola hapa Goma, naishi Katoyi, panga ilikaa nyuma ya mlango wangu miaka minne, na 2019 wakanifwata mpaka nyumbani, saa nane ya usiku.

Walikuwa wawili, mmoja na kalash. Nilikuwa na kifuko cha kutoa, dola 40 na simu ya zamani, nimekitayarisha ju ya siku kama ile, nikawatupia. Yule wa bunduki akaokota, alikuwa anatoka, lakini mwenzake akashika pazia la chumba cha watoto. Hapo njo nilikata. Pesa wachukue, simu wachukue, lakini pazia lile hapana, na weye uamue pazia lako ni lipi leo mchana ukiwa unakunywa chai, ju usiku ule akili ya kuamua hauna.

Nilimpata mkononi na panga, wakakimbia, bunduki ikalia. Majirani wanasema mara mbili, miye nilisikia tu kitu kama dirisha limejifunga na upepo. Masikio yanaziba, macho yanashika kitu kimoja, miye nakumbuka pete kwenye kidole chake na sura yake sikuiona kabisa.

Mama watoto njo alikuwa na akili. Aliwalaza watoto chini kabisa, nyuma ya fondasio ya mawe, akapuliza filimbi. Nyumba zetu nyingi hapa ni mbao juu ya mawe ya volkano, na mbao inakuficha tu, haikukingi, sasi la kalash linaingia ubao huu linatokea ule. Kitu cha kujifichia ni jiwe. Asubuhi tulikuta tundu kwenye ukuta, kimo cha kifua changu. Filimbi ikalia, jirani akaanza kupiga sufuria, mwingine bido, mara avenyu nzima inapiga, na mwizi akisikia sufuria hamsini anajua kila mlango umeamka.

Kosa langu lilikuja hapo: nikawafwata. Gizani, juu ya mawe, babushi ikawa inateleza mguuni nikafikiri nimekanyaga maji, kumbe ni damu yangu, yule wa pazia alikuwa na kisu na hata sikukiona. Maumivu sifuri. Basi wakishatoka rudi ndani, pitisha mikono mwili mzima, shingo, kwapa, mapaja, halafu angalia viganja kwenye torshi. Ukiona damu, kunja kitenge, kandamiza kwa nguvu na usifunue kila mara kuchungulia. Muganga alinishona nyuzi 9.

Yule wa kisu vijana walimkamata kwenye kona, na nikasikia mtu anauliza petroli iko wapi. Mzee wetu wa nyumba kumi akasimama katikati, na miye na kitenge changu pajani nikasimama naye, si kwa huruma, huruma sikuwa nayo. Mtu akishafungwa kamba haujitetei tena, unaua, na kile ulichofanya kwa haki ndani ya nyumba kitaharibika hapo inje.

Polisi walipokuja kuandika niliapa wezi walikuwa watatu. Watoto wangu walihesabu wawili, avenyu nzima iliona wawili, na hilo la tatu lilinipa kazi wiki mbili kulieleza. Sema jina, sema waliingia na silaha, sema ulijitetea, mengine omba uyaseme ukishalala usingizi.

Panga polisi walibaki nayo, sijaenda kuiuliza. Nyuma ya mlango sasa kuna torshi, kitenge safi na filimbi mbili, moja binti yangu mdogo anaitaka kila jioni na tunagombana.